Anayetangulia

Tangu Belgasem aanze kutangulia, hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililomfunga.

Kazi yetu ilikuwa kusafisha njia za mlima ulio juu ya mji wa Kasserine, zile zilizotegwa mabomu na jamaa waliojificha mapangoni. Tulipanda kwa mstari, kila mtu akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake, na mbele kabisa alikwenda mtu mmoja mwenye fimbo nyembamba ya chuma, akiudunga udongo taratibu kabla ya kuweka mguu. Mashine ya kutafuta chuma tulikuwa nayo, lakini mabomu yale yalitengenezwa kwa madumu ya plastiki na mbolea. Mashine ilipita juu yake kimya, kama haikuona kitu. Iliyobaki ni fimbo na mkono wa mtu.

Kwa kanuni, anayetangulia hubadilishwa kila wiki. Kabla ya Belgasem tulibadilishana vizuri tu, na tukazika vizuri tu. Majira ya kuchipua zamu ilipomfikia yeye, wiki ikapita salama. Wiki iliyofuata ilikuwa ya Noomane, lakini goti la Noomane likaanza kuuma asubuhi ileile. Iliyofuata ilikuwa ya koplo Lazhar, na jino la Lazhar nalo likachagua siku. Belgasem alikuwa mtu wa haya, mtoto wa wachunga kondoo, asiyejua kumwambia mtu hapana. Akashika fimbo tena, na tena. Ukafika wakati hakuna hata aliyesingizia ugonjwa. Kabla ya kupanda, kila mmoja alipita akamgusa bega, eti kwa baraka. Luteni Wajdi aliona yote hayo akafumba macho, maana taarifa zake kwa wakubwa zilikuwa safi kuliko za kambi yoyote.

Mimi ni sajini Mongi, muuguzi wa kikosi. Mtu akiwa mzima simwangalii mara mbili, lakini huyu nilianza kumwangalia. Nilimwona akitoka jikoni kwenda msalani kwa kuzunguka mbali, akikanyaga nyayo za wenzake tu, ndani ya kambi yetu wenyewe, kwenye udongo tuliouchezea mpira. Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, alipapasa sakafu ya hema kwa kiganja. Wenzake walicheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa.

Kisha mama yake akanipigia simu. Belgasem alikuwa nyumbani kwa likizo, na harusi yake ilipangwa baada ya mavuno.

"Mongi mwanangu," alisema Mama Zohra, "hivi huko mnamlisha nini mwanangu?"

"Kwani kafanya nini, mama?"

"Kachukua chuma changu cha kuchomea mishikaki. Yuko uwanjani amepiga magoti tangu tulipokunywa chai. Anadunga ardhi, kidogo kidogo, pale tutakapopiga hema la harusi. Nimemwambia, baba, hapa nimefagia mimi tangu nilipoolewa, hakuna kitu. Ananiambia, mama, usikanyage hapo, bado sijafika hapo. Majirani wanachungulia, Mongi. Wakwe wakisikia, itakuwaje?"

Kwetu huko, msichana hatolewi mpaka ndugu zake wamwulize mwanamume kila kona: kwa kinyozi, kwa mwenye duka, kwa waliokaa naye jeshini. Wanauliza analala vipi, ana hasira, anakunywa? Mtu mmoja akisema kichwa chake hakijakaa sawa, mambo yameisha, na hakuna wa kukurudisha kwenye jina zuri.

Aliporudi kambini alikuja kwenye hema langu, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, mikono kaificha ndani ya kashabiya, joho lake la sufi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Sajini, nimechoka," alisema. "Si miguu. Miguu ni mizima."

"Najua."

"Nikifumba macho nadunga. Nikila nadunga. Juzi nimemshika mchumba wangu mkono, nikawa nausikilizia, kama kuna kitu chini. Nikauachia. Amedhani simpendi." Alitazama chini. "Nitoe. Niweke jikoni, niweke getini, popote. Kesho au keshokutwa mkono huu utakosea, na walioko nyuma yangu ni ndugu zangu."

"Mwambie luteni."

"Siwezi. Nikisema mimi, nimewatupa. Sema wewe."

Nikamwahidi. Naapa sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka kumshusha kijana yule mlimani kabla ya harusi yake.

Luteni Wajdi alinisikiliza huku akikoroga kahawa. "Nani hajachoka, Mongi? Mimi mwenyewe sijalala. Wanaume wanajikaza kisabuni, maisha yanaenda." Nilimganda mpaka akakubali jambo moja: daktari wa akili wa jeshi, Kapteni Insaf, angepita kwenye kambi za mlimani, na atakachoandika yeye kuhusu Belgasem ndicho kitakachofuatwa.

Kapteni Insaf alishawahi kuja mara moja. Mama mtu mzima, mpole, ana miwani. Aliwakusanya watu akawafundisha kuvuta pumzi polepole, kuishika, kuiachia. Lazhar, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alinyoosha mkono: "Daktari, na mke akipiga simu kuuliza mshahara, tunavuta au tunaachia?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Alipouliza nani halali vizuri, wote wakajibu kwa pamoja, alhamdulillah, tuko salama. Mbele ya sare na nyota zake hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa; walitazama nyota, uso hawakuushika.

Kwa hiyo safari hii nikajifanya mjanja. Nilimpigia simu nikamwambia: daktari, usije na sare. Shukia kwenye mkahawa wa njia panda, chini ya mlima, ambako vijana wa mapumziko wanacheza karata. Kaa nao kiraia, agiza kahawa, uliza kuhusu Belgasem taratibu. Bila sare watafunguka. Akaona ni wazo zuri, hata akanishukuru.

Siku hiyo alitoka mkahawani akaja kambini, akavaa sare, akaingia kwenye hema langu na kumwita Belgasem. Mimi nikatolewa nje, kama utaratibu unavyotaka. Nilisimama kivulini nikiwa na matumaini kama mjinga. Mara Lazhar na Noomane wakapanda kutoka njia panda, wamewekeana mikono mabegani, wanacheka.

"Sajini! Andaa suti yako," alipaza sauti Lazhar. "Harusi imepita hiyo! Tumeipitisha sisi!"

"Harusi gani?"

"Ya Belgasem, ya nani tena? Shangazi wa bibi harusi kaja kuuliza. Yule wa hospitali ya Tunis, ambaye Belgasem kila siku anamtaja. Kakaa mkahawani, kavaa koti la kiraia na mtandio kichwani, na dereva wake mzee pembeni. Anasema, wanangu, mimi ni daktari, natoka Tunis, naomba kuwauliza kidogo kuhusu Belgasem. Nikamkonyeza Noomane, nikasema moyoni, haya, wenyewe wamefika!"

"Mkamwambia nini?"

"Tukamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio! Analala? Kama mtoto mchanga, shangazi. Ana hasira? Huyo? Hata nzi anamwomba radhi. Ana jambo lolote la ajabu? Noomane hapa akasema, la ajabu ni moja, haogopi kitu. Na wale wengine mezani wote wakaapa. Mama wa watu kahawa yake imepoa anaandika tu."

"Na hakuwaambia ametumwa na nani?"

"Alitaka kusema, nikamwambia, shangazi, usijisumbue, tunajua ulichofuata." Lazhar alicheka, kisha akaona uso wangu. "Kwani vipi?"

Pazia la hema likafunguka. Belgasem akatoka. Nyuma yake, mezani kwangu, alionekana Kapteni Insaf na sare yake na nyota zake. Lazhar alimtazama daktari, akanitazama mimi, kicheko kikamkauka mdomoni.

Belgasem hakumtazama yeyote. Alipopita karibu nami alisema, kwa sauti ndogo isiyo na lawama hata kidogo, "Kasema kaongea na wenzangu wote, na wote wamesema niko vizuri."

"Belgasem, sikiliza, hawakujua—"

"Nikawaza, kama ndugu zangu wameona nibaki, basi." Akaenda zake, akizunguka mbali, akikanyaga nyayo za wengine.

Niliingia hemani nikamweleza daktari kila kitu. Sikuficha ujinga wangu. Alivua miwani akajifuta uso.

"Sajini, naye mwenyewe nimemwuliza mara tatu. Kasema alhamdulillah. Mikono kaificha, niliona, lakini siwezi kuandika mikono iliyofichwa. Nina neno lako na nina neno la watu saba. Niletee mmoja wao. Mmoja tu aliyekaa naye, aje aniambie alichokiona kwa macho yake. Naondoka asubuhi."

Mmoja tu. Nikaona ni jambo jepesi. Niliwakuta wamekaa kuzunguka sinia la pasta na harisa ya pilipili, hakuna anayekula. Belgasem hakuwepo. Nikawaambia ukweli wote: mshikaki, uwanja, mama yake, mkono wa mchumba. Nikawaambia daktari anangoja.

Hakuna aliyeinuka.

"Mlikosea mlipodhani ni shangazi," nilisema. "Sawa. Mtu hukosea. Sasa mnajua ni nani."

Noomane alichezea kipande cha mkate. "Sajini, wakiandika ana wazimu, harusi inakufa. Utamlipa nini?"

"Na akifa yeye, harusi itaishi?"

"Hafi," alisema Noomane. "Huyo hafi. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Malizia."

Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa. "Nina watoto wawili. Akitoka, nani anatangulia? Wewe? Sema basi, nani?"

Kila mtu alitazama sinia. Nilimtazama Lazhar, maana ndiye aliyelala kitanda cha jirani na Belgasem, ndiye aliyemsikia usiku. Lazhar aliinuka nusu, akasimama ameinama hivyo, mkono gotini. Kisha akakaa. Niliwatukana wote, mama zao na baba zao, nikatoka. Nilikuwa na hasira ya kuua, na hasira kubwa zaidi ilikuwa hii: siku zote nami nilipanda nyuma ya mgongo uleule, na nikarudi kula.

Daktari aliondoka na jua la asubuhi. Aliandika kwamba Belgasem anafaa kwa kazi, aangaliwe kwa karibu. Kabla ya kupanda gari aliwakusanya tena wakavuta pumzi, wakaishika, wakaiachia. Safari hii hakuna aliyetania.

Tulipanda siku iliyofuata. Mimi nilijiweka wa tatu, nyuma ya Lazhar, kwa sababu sikumwamini mtu. Mlima ulinukia rozimeri na vumbi. Belgasem alidunga, akakanyaga, akadunga, akakanyaga, na sisi nyuma yake tukifuata, mpaka tukafika mahali njia inapobanwa na mwamba na vichaka vya nyasi za alfa. Hapo akapiga magoti. Akadunga mara moja. Akadunga tena palepale. Na tena. Kisha akaiweka fimbo mapajani, akakaa chini kama mtu aliyefika kwake.

"Kuna kitu?" Lazhar alinong'ona.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sisikii tena. Udongo wote unanijibu sawasawa." Alinyoosha viganja akavitazama. Vilitetemeka waziwazi, na hakuvificha. "Nisameheni. Siwezi."

Nyuma, mtu mmoja akaanza kulalamika, akiuliza kuna nini, jua linapanda. Redio ikakoroma, luteni alitaka kujua tumesimama kwa nini. Lazhar alimsogelea Belgasem akachuchumaa nyuma yake, akamwekea mkono begani. Lakini haukuwa ule mguso wa baraka. Alimshika kama mtu anavyomshika mdogo wake aliyeanguka.

"Ndugu yangu," alisema, "juzi nilipaswa kwenda kwa daktari. Nilisimama kabisa. Nikakaa tena. Niliogopa, Belgasem, ndiyo hivyo tu, niliogopa kufa." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Tukishuka leo, nampigia simu mimi mwenyewe. Nitasema yote. Hata yale unayoongea ukilala, nitamwaga mtama wote. Haya, lete hiyo."

Akaichukua fimbo.

"Lazhar, turudi," nilisema. "Turudi tulikopita."

"Luteni hatakubali, unamjua. Nafika pale kwenye mwamba tu, pana nafasi ya kugeuka, halafu tunamwambia njia imeziba." Alimpita Belgasem kwa kumkumbatia, tumbo kwa tumbo, ili miguu yao isitoke kwenye ardhi iliyopimwa. Hata hapo alitania. "Usinibusu, una mchumba."

Alidunga vizuri. Nataka ijulikane kwamba alidunga vizuri, kwa subira, kuliko nilivyomdhania. Alisonga mpaka karibu kabisa na mwamba. Hapo aligeuza kichwa, nadhani atuambie kitu, na uzito wake ukaegemea upande.

Sitaeleza mlipuko. Aliyeusikia anaujua, na asiyeusikia nisimpe. Nilipofika kwa Lazhar kazi yangu ilikuwa imekwisha kabla sijaianza. Belgasem hakupiga kelele. Alikuwa amejaa udongo usoni, akitazama pale mahali, na midomo yake ikienda. Nilisogea nikasikia: "Pale ningepajua. Pale ningepajua mimi."

Tulimshusha Lazhar kwenye blanketi, Belgasem akiwa ameshika pembe ya mbele.

Sasa kila mtu alipata ulimi. Noomane alimpigia Kapteni Insaf simu huku akilia, akamwambia kila kitu, na kila aliyekula kiapo mkahawani alichukua simu kwa zamu. Daktari hakuwalaumu. Alisikiliza tu, kisha akaomba kuongea na mimi, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Haikupita wiki karatasi ikafika imepigwa mhuri: Belgasem anaruhusiwa kushuka, apewe matibabu na mapumziko. Na gari la kumchukua likaja. Mama Zohra alikuwa ameshapika, alinipigia mara mbili kuuliza mwanawe amefika wapi.

Tulikuwa tunajiandaa kupanda. Mlima haukuwa umekwisha, na mwamba ule tulikuwa hatujaupita. Nilimkuta Belgasem getini, mbele ya mstari, kofia ya chuma kichwani, fimbo mkononi. Fimbo mpya.

"Gari limefika," nilimwambia. "Mkoba wako nimeuweka tayari. Njoo."

"Siendi, sajini."

"Karatasi imetoka! Si ndicho ulichoniomba? Si ulikaa kwenye kitanda changu ukaniomba?"

"Niliomba." Alisema hivyo kwa upole. "Nikamwachia Lazhar, ukaona. Sasa nishuke, nimwachie nani? Noomane? Ana watoto wawili."

"Mikono yako inatetemeka, baba!"

"Inatetemeka. Lakini hata hivyo inajua kuliko yao."

Nilimkimbilia luteni. Alisoma karatasi, akaisoma tena, akaikunja. "Imeandikwa anaruhusiwa, Mongi. Haikuandikwa analazimishwa. Mtu anayetaka kufanya kazi nitamfunga kamba?" Nikampigia daktari. Alisema atawaona wakubwa leo hii, nimzuie kwa namna yoyote mpaka apige. Nimzuie kwa lipi? Nilirudi mbio kwenye mstari, nikawaita kwa majina yao, mmoja mmoja.

"Mwambieni aende. Hatanisikia mimi, atawasikia ninyi. Neno moja tu. Noomane! Wewe ulilia kwenye simu. Mwambie, nenda, tutatangulia sisi. Mwambie tu hivyo!"

Noomane alifungua mdomo. Alimtazama Belgasem, akautazama mlima, kisha akainama akaanza kukaza kamba za buti lake ambazo zilikuwa zimekazwa. Aliyefuata alitazama kando. Na aliyefuata. Upepo ulikuwa ukipiga turubai la gari, dereva kawasha injini, anangoja.

Belgasem aliwangoja kidogo. Nadhani aliwangoja kweli, moyo wake wote. Kisha akageuka akapiga magoti na kudunga udongo wa getini.

Nao wakapita, mmoja mmoja, wakamgusa bega.